Chuma Kilichobaki Kawangware

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Jumapili ya mashindano ya motokrosi ilijitangaza yenyewe. Mlio wa zile injini zinazochanganya oili na petroli ulianzia uwanja wa Jamhuri, ukapita Woodley, ukatufikia sokoni Toi hata kabla watu hawajatoka kanisani. Uwanja huo wengi wanaujua kwa maonyesho ya kilimo: ng'ombe wa gredi, bembea, na vipaza sauti vikitangaza watoto waliopotea. Sisi tuliujua kwa njia ya vumbi yenye vilima vya kurukia, ambako vijana wa Karen na Lang'ata walishusha pikipiki zao kutoka kwenye pikapu. Kibera iko upande huu wa uwanja, Kawangware iko ng'ambo ya barabara ya Ngong, na watoto wa pande zote mbili walikutana kwenye ua.

Pikipiki tulizitambua kwa rangi. Nyekundu ni Honda, samawati ni Yamaha, kijani ni Kawasaki, manjano ni Suzuki. Ya rangi ya chungwa, KTM, wengine waliidharau kwa sababu hawakuijua.

Nilikuwa mwanagenzi wa mzee mmoja Mnubi aliyechomelea vyuma pale Toi. Riziki yetu ilikuwa milango, vitanda, mikokoteni na baiskeli za Black Mamba zilizokatika shingo kwa kubeba mikate. Lakini kila baada ya mashindano, Jumatatu asubuhi, alikuja fundi mmoja wa pikipiki, mtu wa Kibera aliyeajiriwa na hao matajiri, akiwa amebeba fremu tupu begani. Aliiweka chini na kusema, "Mzee, imelia hapa." Mzee hakumjibu mpaka aione mwenyewe.

Nataka kueleza alivyoiona, maana kazi hiyo sijaona mtu mwingine akiifanya kwa utulivu ule. Alikwangua rangi kwa msasa, akapaka mafuta ya taa, akasubiri, akapangusa mpaka pakakauka kabisa. Kisha akasaga chaki na kuipaka juu. Mafuta yaliyokuwa yamejificha ndani ya ufa yalianza kutoka taratibu, na mstari mwembamba wenye unyevu ukajichora juu ya weupe. Mara nyingi ufa ulikuwa mrefu kuliko yule fundi alivyodhani. Mzee alitoboa kitundu kila ncha ili usiendelee kutembea, akachonga mfereji kwa tupa, akachomelea kwa gesi ya kabaidi, si kwa umeme, kwa kuwa bomba lilikuwa jembamba na mashine yetu ya umeme, iliyosukwa kwa mikono mlemle mtaani, ilikuwa na hasira. Baadaye aliifukia fremu kwenye majivu. Marufuku kumwagia maji! Chuma kile kimechanganywa na krome na molibdeni. Ukikipoza kwa ghafla kinakuwa kigumu na chepesi kuvunjika palepale ulipochomelea. Mwisho tulifunga uzi kutoka kwenye shingo hadi nyuma kuangalia kama fremu imenyooka.

Jumapili iliyofuata fremu hiyo iliruka tena, nasi tukaitazama kutoka kwenye ua kama wenye hisa.

Kisha ikaja Honda yenye fremu isiyopakwa rangi. Badala ya bomba moja la chuma lililopita chini ya tangi, ilikuwa na boriti mbili pana, nyeupe za kung'aa, zilizokumbatia injini kutoka shingoni hadi kwenye egemeo la mkono wa nyuma. Watoto wa uani hawakukawia: wakaiita Sufuria. Jina hilo halikuwa la kejeli tu, kwa maana metali ni ileile, alumini, na baadhi ya sufuria za Nairobi zimesubuliwa kutokana na alumini chakavu.

Nilikuja kujua baadaye kwamba Honda ndiyo iliyoanza, na CR250R yake ya mwaka 1997. Hesabu yao ilikuwa wazi: ujazo uleule wa alumini una uzito wa karibu theluthi moja ya chuma. Ila alumini nayo hupinda kirahisi mara tatu kuliko chuma, kwa hiyo ni lazima boriti iwe nene na pana ili ikaze. Wakaikaza kupita kiasi. Waendeshaji wakalalamika kwamba kila shimo linawafikia viganjani. Jeremy McGrath, bingwa wa Marekani wa supercross, motokrosi ya ndani ya viwanja vya michezo, kuanzia 1993 hadi 1996 akiwa na Honda za fremu ya chuma, hakuipenda pikipiki hiyo mpya na akahamia Suzuki msimu ulipokuwa unaanza. Honda wakaisanifu upya fremu yao mwaka 2000, wakairudia tena 2002, kila mara wakitafuta namna ya kuirudishia ulegevu kidogo ambao fremu ya chuma ilikuwa nao tangu mwanzo bila kuombwa. Jambo hilo hunichekesha hadi leo. Wenye kiwanda walitumia miaka kujifunza kwamba fremu haifai kuwa ngumu tu.

Mzee wangu hakuwahi kusikia habari za McGrath. Sufuria ilipoletwa kwetu, imepasuka karibu na egemeo la nyuma, aliigusa kwa ukucha, akaipiga kidogo kwa nyundo, akasikiliza. "Hii siwezi," alisema. Yule fundi akadhani ni mambo ya bei. Akaongeza pesa. Mzee akatikisa kichwa.

Alikuwa sahihi. Chuma kikipata moto kinakuambia: kinaanza wekundu wa giza, kinakuwa cha chungwa, kisha cha manjano, nawe unajua umefika wapi. Alumini haibadiliki rangi. Inakaa nyeupe vilevile mpaka nyuzi 660, halafu inaanguka chini yote. Juu yake kuna utando wa oksidi ambao hauyeyuki mpaka upite nyuzi 2,000, kwa hiyo ndani kunatiririka na juu bado kumeshikana. Kuuvunja utando huo kunahitaji mashine ya umeme unaogeuza mwelekeo mfululizo, na gesi ya agoni ya kufukuza hewa. Toi nzima haikuwa nayo. Na hata ukiunga vizuri, joto limeshaondoa ugumu ambao kiwanda kiliupika ndani ya ile alumini. Pembeni mwa kiungo kunabaki laini. Zaidi ya hayo, chuma kina kiwango cha mzigo ambacho kikibebeshwa chini yake hakichoki, hata ukirudia mara milioni. Alumini haina kiwango hicho. Kila mruko inauandika.

Fremu ile ikapelekwa Viwandani, na sikujua iliishia wapi. Kampuni nyingine zikafuata: Suzuki na Yamaha kuanzia 2005, Kawasaki 2006. Jumatatu zetu zikapungua watu. Yule fundi wa pikipiki aliendelea kupita, lakini sasa alipita kusalimu tu, kwani fremu ikipasuka tajiri wake aliagiza nyingine ng'ambo. Pikipiki zilizokuwa zikirekebishwa hatua chache kutoka uwanjani zilitoka mikononi mwetu, wala hakuna aliyetufukuza. Metali ndiyo iliyobadilika.

Katika ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, soko la Toi liliteketea. Banda letu lilikwenda na mengine. Mzee akaacha kazi. Mimi nikavuka barabara ya Ngong, nikapanga kibanda Kawangware, karibu na steji ya 46.

Miaka hiyohiyo serikali ilikuwa imeondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye pikipiki za injini ndogo, chini ya cc 250, na bodaboda zikamwagika Nairobi. Zote za chuma! Boxer, TVS, na za Kichina zenye majina yanayobadilika kila mwaka. Aliyeziunda alifikiria watu wawili na pengine begi. Hakufikiria abiria watatu, mitungi minne ya gesi, kochi, mbuzi, wala jeneza. Hivyo hupasuka, na hupasukia mahali ninapopajua kwa macho yaliyofumbwa: chini ya kiti, pale shokamzoba inaposhikilia, na kwenye shingo. Mwenye boda huja akisukuma, na kabla hajafika nimeshaona mstari wa kutu ukipenya kwenye rangi. Chuma hutoa taarifa mapema kwa anayeosha pikipiki yake. Nampachikia kipande cha bamba pembeni mwa shingo, nambadilishia keria, namfungia gadi ya mbele. Anaondoka siku hiyohiyo, na ni lazima iwe hivyo, maana jioni ana mkopo wa kulipa. Mtu akiniambia fremu ya alumini ni maendeleo, namwuliza maendeleo hayo yataungwa wapi saa kumi na mbili jioni, huku kwetu Gatina, na mvua inanyesha.

Nisimkosee haki mtu wa kiwanda, hata hivyo. Uwanjani alumini ilishinda kwa wengi, na Honda za siku hizi zinasifiwa. Ila ile KTM tuliyoidharau uani haikuwahi kuacha fremu ya chuma cha krome na molibdeni. Ryan Dungey aliichukulia ubingwa wa motokrosi Marekani mwaka 2012, kisha supercross mara tatu mfululizo, 2015 hadi 2017. Katika mbio za Dakar pikipiki za KTM hazikushindwa tangu 2001 hadi 2019. Laiti mzee angeishi kusikia hilo. Angesema alijua, na angekuwa anadanganya.

Siku hizi nina jirani, kijana aliyenunua mashine ya agoni kutoka China, nyepesi ya kubeba kwa mkono mmoja. Anaunga rimu za aloi za matatu, vifuniko vya injini, rejeta. Juzi baba mmoja alileta KTM ndogo ya mwanawe. Fremu kubwa, ya chuma, ilikuwa na sikio la kushikilia injini limeng'oka. Fremu ya mkia, inayobeba kiti, ni ya alumini, nayo ilikuwa imekatika. Tukagawana. Mimi nilitoa chaki yangu na mafuta ya taa, kijana akavaa glavu na kusafisha alumini kwa brashi ambayo haruhusu iguse chuma kamwe.

"Na ingekuwa ile fremu kubwa ndiyo ya alumini, ungeiunga?" nilimwuliza.

"Fundi, mkia ukikatika mtoto anakaa chini," alisema. "Shingo ikikatika je? Hiyo ningemwambia anunue."

Yule baba alilipa kazi yangu bila neno. Ya kijana aliibishania, akisema imechukua dakika chache tu na hata cheche haikutoa.