Nyoka Mwembamba wa Barbados

Katika kisiwa cha Barbados, eneo la Karibi, yuko nyoka wa sentimita 10 hivi, mwembamba mfano wa tambi. Mwaka 2008 mtaalamu Blair Hedges alimtenga kuwa spishi ya peke yake katika jamii ya nyoka-uzi, akampa jina la mkewe, Carla. Ana mistari miwili hafifu mgongoni, macho madogo mno, wala hana sumu. Hula mabuu ya mchwa na sisimizi. Jike hutaga yai moja tu, na msitu wake karibu wote ulishafyekwa kupisha miwa. Mwaka 2025 alionekana tena, chini ya jiwe, baada ya takriban miaka 20.

Akina mama, tuwafunze wanetu: jiwe ulipinduapo, lirudishe, huenda ni dari ya kiumbe wa Mwenyezi Mungu.