Wiki nane kwenye tope la Msimbazi

WENZANGU walipokuwa wakigombea kwenda 'fildi' kwenye ofisi zenye kiyoyozi pale Posta, barua yangu mimi ilijibiwa na kampuni moja ya kandarasi ya usafi wa mazingira. Nikatamba bwenini wiki nzima. Nilijiona nimevaa kofia ngumu, faili kwapani, napigwa picha.

Jumatatu ya kwanza, Julai 2019, nikashuka kwenye daladala Kigogo na viatu vyangu vya ngozi. Fomeni akanitazama kuanzia chini kwenda juu, akacheka. "Dogo, hivyo vya harusi. Hapa mtoni."

Basi bwana, nikapewa gambuti za mtu mwingine, kubwa kama mitumbwi, na daftari moja. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu tripu za malori.

Kama hukai Dar, Msimbazi ni mto unaoanzia vilima vya Pugu. Unateremka kilomita 35 hivi, unapita Vingunguti, Kigogo na Jangwani, mpaka unamwaga baharini pale daraja la Selander. Njiani kila mtu anauongezea chake. Ndio uleule uliofurika Desemba 2011, watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha jijini na wengi wakahamishiwa Mabwepande. Ukipita Jangwani ndani ya mwendokasi unaona majani tu, tena unaweza kusema pamependeza. Wewe shuka chini uone.

Harufu inakupokea kabla ya watu. Tena si moja: ya choo, ya machinjio, ya oili chafu ya gereji. Kufika wiki ya pili pua yangu ilisalimu amri, nikawa nakula mihogo ya kukaanga na kachumbari hapohapo ukingoni. Aliyenikumbusha ni binti mmoja niliyekuwa nikimfukuzia chuoni. Nilikaa karibu naye, akahama kiti. Wee acha tu.

Kilichonidatisha ni lile tope lenyewe. Kijiko kilipochota ukingoni, ukuta ulibaki umekatika kama keki. Juu kabisa chupa za maji. Chini yake mifuko ya Rambo, ambayo serikali ilikuwa imeipiga marufuku Juni mosi mwaka huohuo. Chini zaidi, vile vipakiti vya pombe kali, 'viroba', vilivyokatazwa Machi 2017. Halafu kandambili, moja moja, hazina wenzake. Mhadhiri alitufundisha matabaka ya udongo semesta nzima sikumwelewa. Pale nilielewa kwa dakika kumi.

Vibarua wengi walikuwa kina mama, na reki zao na mabeleshi, wanalipwa kwa siku. Mmoja tulimwita Bi Mkubwa. Yeye ndiye aliyenifundisha kutembea kwenye tope. "Mwanangu, usikanyage panapong'aa," alisema, na siku nilipokanyaga panapong'aa, gambuti moja ilibaki humo mpaka leo.

Sasa tuje kwenye daftari.

Dampo la Dar limekuwa likihamahama kama mpangaji asiyelipa kodi. Lilikuwa Tabata, wakazi wakaenda Mahakama Kuu mwaka 1988 na kushinda. Likaenda Vingunguti, likaenda Mtoni, mwisho likafika Pugu Kinyamwezi. Kutoka Kigogo mpaka huko na kurudi, kwa foleni ya barabara ya Nyerere, lori lililojaa tope lilikula saa mbili na ushee. Tulikuwa na malori manne. Kampuni ililipwa kwa tripu. Piga hesabu mwenyewe: siku nzuri sana ni tripu 14, 15.

Wiki ya tatu nikaanza kuandika 22.

Mwanzoni nilidhani madereva wameamua kukimbiza. Kisha nikagundua lori moja linaondoka naagiza chai, linarudi chai bado ya moto. Nikamwomba dereva lifti, nikamdanganya kwamba chuo kinataka nione dampo. Akasita, akasema panda. Hatukufika hata barabara ya Nyerere. Alikata kushoto, akashuka bondeni, akarudi nyuma mpaka ukingoni, akainua bodi. Mzigo wote ukamwagika kando ya mto uleule, huko juu kidogo ya tulikokuwa tunasafisha!

"Umeona nini, dogo?" akauliza.

"Sijaona kitu, kaka."

Usiku sikulala. Kitabu changu cha 'fildi' kilihitaji saini na muhuri wa kampuni, bila hivyo alama hakuna. Asubuhi nikamnong'oneza Bi Mkubwa. Nilitegemea atakasirika pamoja nami. Akaendelea kuvuta reki. "Najua," akasema. "Tunajua wote. Ukiandika, kazi ikafungwa, wewe utarudi chuo. Mimi nitarudi wapi?"

Hilo sikuwa na jibu lake, na sijalipata.

Nilichofanya sijui niite ushujaa au woga. Sikuandika neno 'wizi', sikutaja bonde. Niliandika saa tu. Lori namba mbili: limetoka 3:10, limerudi 3:50. Limetoka 4:15, limerudi 4:55. Kurasa 30 hivyohivyo, na kwenye ripoti nikaweka umbali wa Kigogo mpaka Pugu.

Msimamizi wangu kutoka chuoni alipokuja alisoma amesimama, akarudia, akanitazama. "Hizi saa una hakika nazo?" Nikamwambia ndiyo. Akatia saini, akaondoka bila kunywa soda.

Injinia wa kampuni naye alisoma. Muhuri ukapotea. Kila nikienda, leo umepelekwa kwingine, kesho aliye nao hayupo. Wiki mbili nazungushwa. Ijumaa moja injinia alipokwenda kuswali, fomeni akaniita kwenye kontena, akafungua droo, akagonga muhuri kwa nguvu mpaka meza ikatikisika. "Chukua. Usirudi tena hapa."

"Asante, mzee."

"Usinishukuru. Toka."

Nilipata B. Kandarasi haikufungwa, na mpaka mwisho wa mwezi ule kina mama walikuwa bado wanavuta reki.

Vuli ya mwaka ule ilianza kwa fujo. Oktoba, Jangwani ikajaa maji na barabara ikafungwa. Yalipopungua nikapanda daladala makusudi, nikashuka mapema, nikaenda kwa miguu mpaka pale dereva alipoinulia bodi. Hapakuwa na kitu. Ukingo ulikuwa mweupe, umeoshwa, mchanga mtupu. Nikafuata maji kuteremka mpaka Kigogo. Tope lilikuwa pale, limerudi mahali pake, na juu yake vijana walikuwa wameshaanza kuokota chupa.