Jalada la Mwalimu Mwanafunzi

Mwaka jana nilikwenda Shirimatunda, mjini Moshi, kumkagua mwanafunzi wangu katika mazoezi ya kufundisha. Maandalio ya masomo, picha za zana na sauti za darasani, vyote alikuwa amevihifadhi katika Google Drive, akanifungulia kwa simu. Nilimwonea kijicho, maana jalada langu la karatasi la mwaka 2003 liliharibiwa na mvua ya masika. Lakini masomo yote yalikuwa mazuri mno!

“Somo la ngeli lililokushinda juzi mbele yangu li wapi?” nikauliza.

“Nimelifuta, Mwalimu.”

Sikuweza kumkemea. Somo lililonishinda mimi nililichana kwa mikono yangu, kabla ya mvua. Kilichofutwa humo hukaa siku 30 kabla ya kupotea; tukaketi barazani, tukalirudisha.