Ukipokea Ufunguo, Umepokea Gari

Kahama

Mwanangu mpendwa,

Baba yako ameniambia kuwa gereji yako hapo Maganzo sasa ina uzio, shimo la kukagulia magari na vijana wa kazi. Nimefurahi. Nilipomuuliza una bima gani, akasema bredauni lako lina bima ndogo. Nimekula mkate wa bima miaka mingi, mwanangu, na jibu hilo limeninyima raha.

Bima ndogo ndiyo inayodaiwa na sheria barabarani. Bredauni likimgonga mtu, kampuni itamfidia. Likipinduka lenyewe, utalitengeneza kwa mfuko wako, labda uwe umekata bima kubwa. Lakini hata bima kubwa ya bredauni haigusi Fuso la mteja lililolala ndani ya uzio wako. Hiyo ni mali ya mtu uliyokabidhiwa, na Sheria ya Mikataba inakutaka uitunze kama mtu mwenye busara anavyotunza yake.

Utaniambia wateja wako wakubwa, madalali wa almasi na wenye malori ya Mwanza, wana bima kubwa zao. Nguo ya kuazima haisitiri maungo. Gari la mteja likiungua kwa cheche za kijana wako anayechomelea, kampuni yake itamlipa, kisha itasimama mahali pake na kukudai wewe. Wala usiegemee kibao cha getini kinachosema gari linaachwa kwa dhamana ya mwenyewe. Uzembe ukithibitika, kibao huenda kisikutetee.

Kwa hiyo omba bima ya gereji, na umbane wakala kwa maswali. Magari ya wateja yakiibwa au kuungua, kikomo cha gari moja ni kiasi gani, na cha magari yote kwa pamoja? Piga hesabu ya usiku ule gereji imejaa. Gari likitolewa kwenda kujaribiwa katika barabara ya Shinyanga–Mwanza, nani anaruhusiwa kuliendesha? Deiwaka asiye na leseni akishika usukani, kampuni ina sababu ya kukataa kulipa. Breki mlizofunga leo zikigoma kesho na gari likaua mtu, mkataba una kifungu cha hilo? Gharama ya kurudia kazi mbovu kwa kawaida ni yako. Bima hutazama madhara yaliyotokea. Mafuriko je? Usiyaone ya mbali: Novemba 2022 ukuta wa bwawa la tope la mgodi wa Mwadui ulipasuka, tope likafunika mashamba na nyumba za jirani zako.

Kwenye fomu andika kazi unayoifanya kweli. Kama mnachomelea na kupiga rangi, sema. Ukiificha ili ada ipungue, utakuwa umenunua karatasi. Thamani ya vifaa nayo usiipunguze. Mashine za shilingi milioni 20 ukiziandika milioni 10, hasara ya milioni 4 inaweza kulipwa milioni 2 tu, kwa kuwa nusu nyingine uliamua kuibeba mwenyewe.

Vijana wako wana mlango wao. Bima ya gereji huwatazama zaidi watu wa nje. Fundi akiangukiwa na injini, anayehusika ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Jisajili. Mchango ni wako mwajiri, usiwakate mshahara.

Nilipokuwa msichana, bima ilikuwa ya Shirika la Bima la Taifa peke yake. Sheria ya 1996 ilifungua soko, na sasa wauzaji ni wengi, wa kweli na wa stika bandia. Lipa kwa kampuni, dai risiti, kisha hakiki stika ya bredauni kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, kwa namba ya gari. Usikubali maneno ya "tutakulipia kwanza, utarudisha". Ada isipolipwa, bima haijaanza.

Kila gari likiingia, lipige picha, andika kilomita, mafuta, tairi la akiba na mikwaruzo, mwenyewe asaini. Funguo zikae kwenye kabati lenye kufuli. Likitokea la kutokea, piga simu polisi na kwa kampuni siku hiyo hiyo, wala usimwahidi mteja fidia kabla kampuni haijafika.

Ukienda Shinyanga mjini, chukua bei kwa mawakala wawili na uombe rasimu ya mkataba. Nitumie kurasa za mambo yasiyolipwa, tuzisome pamoja kwa simu kabla hujatoa hata shilingi. Na kuanzia leo bredauni liendeshwe na mwenye leseni tu, hata kama ni kulisogeza getini.

Wasalimie nyumbani.

Ni mimi shangazi yako.