Mgongo Ulioitwa Mbele

Ukipanda Bugando, ziwa linakufuata. Hospitali ile, iliyofunguliwa mwaka 1971, imekaa kilimani kama vile mjenzi alitaka mgonjwa awe na kitu cha kutazama anapongoja majibu.

Mama mdogo alikatwa titi la kushoto. Hafichi, wala hasemi sana. Alfajiri hukunja kipande cha khanga kuukuu, akakipachika ndani ya sidiria, akashuka sokoni Mwaloni kuuza dagaa. Wateja hutazama sado kama imejaa. Nani atatazama kifua cha muuzaji?

Mwaka 1906 daktari Mwitaliano, Iginio Tansini, alieleza namna ya kuuhamisha msuli wa mgongo pamoja na ngozi yake: unapitishwa kwapani, ungali umeshikana na mshipa wake wa damu, uje ufunike mahali palipokatwa. Njia hiyo, baada ya kuboreshwa, ingali inatumika. Wengine huchukua nyama ya tumbo. Mimi nimenasa kwenye mgongo.

Mgongo ule ndio uliofungwa mbeleko. Mtoto alishiba kwa titi, akalala mgongoni. Sasa mgongo unaitwa mbele kushika zamu ya mwenzake aliyekwenda. Maziwa hautatoa, na ngozi yake aghalabu hubaki na ganzi. Mkono ukipita pale, unamgusa nani?

Ziwa nalo si lile. Sangara alipandikizwa miaka ya 1950. Alipozidi, miaka ya 1980, aina nyingi za samaki waitwao furu zikatoweka. Maji hayakupungua kwa ajili yao. Mitumbwi ilirudi na samaki, viwanda vikafunguliwa, watu wakala. Ukisimama ufukweni Kirumba, pengo hilo utalionyesha kwa kidole gani?

Wengi wetu huku hawaufikii upasuaji wa pili, ule wa kurudisha titi. Kuna nauli, kuna mume anayesema imetosha, na kuna kukichoka kisu, ambako sidhani kama mwenye mwili mzima anakuelewa.

Nilimweleza mama mdogo habari za Tansini. Alisikiliza huku akichambua mchanga kwenye dagaa.

“Mwanangu, mgongo wangu una kazi yake.”

Nikadhani amekataa. Tukakaa. Akamhudumia mteja, akarudisha chenji, akafunika ndoo.

“Na hilo titi la mgongo,” akauliza, “lina chuchu?”

Nikamwambia hutengenezwa baadaye, au huchorwa tu kwa wino.

“Wino wa rangi gani?”