Mbegu ya Wendelin Grimm

Aghalabu mkulima husifiwa kwa alichovuna. Wendelin Grimm, Mjerumani aliyehamia Carver katika jimbo la Minnesota, Marekani, mwaka 1857, anastahili kusifiwa kwa kile kidogo alichosaziwa na baridi. Alikuja na mfuko mdogo wa mbegu za alfalfa, mmea wa malisho wa jamii ya kunde ambao watu wa kwao waliuita klova ya milele. Majira ya baridi ya Minnesota hayakulijali jina hilo. Alipanda mwaka 1858. Theluji ilipoyeyuka, mimea mingi ilikuwa imekufa. Grimm akakusanya mbegu za mimea iliyosalia, akazipanda. Mingine ikafa, naye akakusanya tena, mwaka baada ya mwaka, hadi shamba lake likawa halitishiki. Alifariki mwaka 1890, kabla Chuo Kikuu cha Minnesota hakijaitambua thamani ya mbegu yake, ambayo baadaye ilienea katika majimbo ya kaskazini na Kanada.

Hata hivyo, baridi ilikuwa mwalimu wa somo moja tu. Katika miaka ya 1920 wataalamu waliutambua mnyauko uletwao na bakteria. Vijidudu hivyo hupenya mizizini kupitia majeraha, aghalabu yale yale yaliyofunguliwa na baridi, vikaziba njia za maji. Mmea hudumaa, majani yakawa madogo na ya manjano. Ukiukata mzizi, utaona pete ya hudhurungi chini ya gome. Alfalfa ya Grimm, iliyoishinda theluji, haikuwa na kinga.

Kinga ilipatikana mbali, katika alfalfa zilizotoka Turkistani. Kazi ya kuichuja ilikuwa ya ukatili: mizizi ya miche hujeruhiwa makusudi, ikachovywa katika maji yenye bakteria, ikapandwa, kisha hung'olewa na kupasuliwa, na mingi ikatupwa. Isitoshe, alfalfa huchavushwa na nyuki baina ya mmea na mmea, hivyo watoto hawafanani. Aina moja ya alfalfa ni jamii nzima, wala si mmea mmoja uliorudiwa. Ndiyo maana aina huhesabiwa kuwa na ukinzani wa juu pindi zaidi ya asilimia 50 ya mimea yake inapoukinza ugonjwa. Iliyobaki huachwa ife, na majirani zake hutanua matawi kuijaza nafasi.

Aina ya Ranger ilitolewa mwaka 1942. Vernal, ya Chuo Kikuu cha Wisconsin, ilifuata mwaka 1953, ikiunganisha ustahimilivu wa baridi na ukinzani wa bakteria. Ikapandwa kwa miongo mingi.

Mwaka 1976 mnyauko mwingine, uletwao na kuvu na uliokwisha kujulikana Ulaya, uligunduliwa katika jimbo la Washington. Vernal haikuukinza. Wataalamu wakarudi vitaluni, safari hii wakiitafuta kinga miongoni mwa alfalfa za Ulaya.