Pedi ya PS2 ilijua umebonyeza kwa nguvu gani, na mimi nina siri yake

Leo sina umbea wa nani kaachana na nani. Leo nakuja na umbea wangu mwenyewe, ila ndani yake kuna staa mmoja ambaye jina namhifadhi. Ukifika mwisho utaelewa kwa nini namhifadhi. Naomba tu kwenye komenti tusianze kubahatisha.

Huyo mwamba juzi kati alihojiwa redioni, akasema utotoni aliwahi kulala kituo cha daladala karibu mwezi mzima. Alikuwa analala kwenye kibanda cha gemu kama mlinzi, akafukuzwa kwa kusingiziwa kaharibu pedi. Basi bhana, mitandaoni watu wakamshukia kama mwewe. "Kiki hiyo, ngoma mpya inakuja." Mwingine eti, "Tangu lini mtu akafukuzwa kwa ajili ya pedi?" Nilicheka na mimi, halafu kicheko kikakatikia njiani. Mimi ambaye napost kila kitu, hiyo sikuipost. Maana ile pedi naijua. Niliiua mimi.

Tuanze mwanzo.

Mwaka 2011 nilikuwa darasa la sita, Mbagala. Nyuma ya mashine ya kusaga kulikuwa na kibanda cha mabati, ndani TV nne za kichogo na PS2 nne. Winning Eleven gemu moja shilingi 200, ukifungwa unanyanyuka anakaa mwenzako. Mwenye kibanda tulimwita Mjomba, japo hakuwa mjomba wa mtu pale. Mwamba wetu alikuwa kijana wa miaka kama kumi na minne, katoka mkoani, hana ndugu mjini. Mjomba akampa godoro na ufunguo. Mchana anakusanya hela, usiku analinda.

Pedi za wateja zote zilikuwa feki. Ila kwenye droo ya Mjomba kulikuwa na pedi moja orijino, DualShock 2. Hiyo haigusi mtu. Akishafunga kibanda usiku anaitoa, anacheza Gran Turismo 3 peke yake taratibu, sisi tunachungulia kwenye tundu la bati.

Sasa mliozaliwa 2005 kuja huku nisikilizeni hapa. PS2 ilipotoka mwaka 2000 ilikuja na pedi ambayo batani zake karibu zote zilikuwa zinajua umebonyeza kwa nguvu kiasi gani. X, duara, mraba, pembetatu, mishale, mpaka zile za juu za L na R. Batani moja ilikuwa na viwango 256 vya kubonyeza. Kwenye Gran Turismo 3 X ndiyo mafuta: ukiigusa kidogo gari linasogea, ukikandamiza linaondoka. Yaani kidole gumba ndiyo mguu wa dereva.

Sisi kwenye Winning tulikuwa tunabonyeza mpaka kucha zinakuwa nyeupe, tukiamini shuti litatoka kali. Kumbe kwenye Winning nguvu ya shuti inatokana na muda unaoshikilia batani, siyo hasira zako. Mjomba alikuwa anapiga kelele kutoka mlangoni, "We dogo, hiyo pedi imekukosea nini?"

Siku moja Mjomba akaleta Metal Gear Solid 3. Usiku tukamwona anamvizia adui kwa nyuma, anabonyeza duara kidogo tu, adui anakabwa shingo, yuko hai. Akaikandamiza ile ile duara, adui akachinjwa. Batani moja, mambo mawili, tofauti ni mkono wako. Sikulala siku hiyo.

Ijumaa Mjomba akaenda msikitini. Mwamba akaniambia, "Niangalizie, nafuata maji." Akaniachia ufunguo. Nilitoa ile pedi kwenye droo haraka sana. Nikamvizia adui, nikabonyeza duara, akachinjwa. Nikarudia, akachinjwa. Mara kumi. Vidole vyangu vilizoea pedi feki, havikujua kitu kinaitwa kidogo. Nikaona bora niifungue, nione kuna nini ndani.

Nikachukua bisibisi. Wadau, hakuna maajabu mule. Chini ya kila batani kuna kifuniko cha raba, na chini ya raba kuna plastiki nyembamba imechorwa mistari meusi inayopitisha umeme. Ukibonyeza kidogo raba inagusa sehemu ndogo. Ukikandamiza inajibana, inagusa sehemu kubwa, umeme unapita kirahisi zaidi, mashine inajua umeongeza nguvu. Hiyo tu. Nikavuta ile plastiki nione upande wa pili. Ikachanika.

Nikafunga haraka haraka, nikairudisha kwenye droo. Skrubu moja ikabaki mkononi, nikaitupa mtaroni. Mwamba akarudi na ndoo zake mbili, nikampa ufunguo, nikaondoka.

Kesho yake asubuhi Mjomba akaiwasha. Duara imekufa, mraba unajibonyeza wenyewe. Akauliza nani ana ufunguo. Mwenye ufunguo alikuwa mmoja. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, kwenye foleni, na shilingi 200 yangu mkononi. Yule jamaa akaapa mpaka sauti ikakauka. Hakunitaja. Sijui hakunishuku, au aliona mtoto wa watu nitapigwa. Godoro likatolewa nje. Na mimi zamu yangu ilipofika nikakaa nikacheza. Ndiyo, nilicheza.

Miaka imepita. Mjomba alifariki mwaka 2017, sikuwahi kumwambia. Kibanda sasa hivi ni duka la mpesa. Mwamba ndiyo huyo, mnamjua wote.

Juzi mdogo wangu alinipeleka sehemu wanacheza PS5. Nikashika pedi, kidole kikaanza chenyewe kubonyeza X taratibu kama Mjomba. Dogo akanicheka, "Bro, hiyo ukigusa ukikandamiza ni ile ile." Kweli. PS3 bado walikuwa nazo zile batani, ila PS4 ilipotoka 2013 wakaziondoa. Hata Xbox ya kwanza ya 2001 ilikuwa nazo, toleo lililofuata la 2005 hazipo. Siku hizi za kupima umevuta kiasi gani ni zile mbili za nyuma tu, za kidole cha shahada. Hizo sikatai ni tamu, za PS5 mpaka zinakuwekea ugumu ukivuta. Lakini X ni ndiyo au hapana. Na kiukweli gemu zilizotumia vizuri zile batani za zamani zilikuwa chache, watu wengi walikaa na pedi miaka kumi bila kujua ina huo uwezo. Siwalaumu waliozitoa. Nazikumbuka tu.

Sasa baada ya yale mahojiano na matusi ya kiki kiki, nilikaa siku tatu. Ya nne nikamwandikia mwamba inbox. Nikamwambia mimi ni yule dogo wa Mbagala, nyuma ya mashine ya kusaga. Nikamwambia kila kitu: bisibisi, plastiki, skrubu. Nikaomba msamaha, nikamwambia nitaandika hapa ili watu waache kumwita muongo, na kama hataki jina lake litajwe sitalitaja.

Ikaonyesha kasoma. Saa nzima kimya. Halafu akaweka kopa kwenye meseji yangu. Basi. Mpaka leo hakuna neno lingine.

Nimelitazama lile kopa mara ngapi sijui. Kaliweka kwa kusamehe, au kaliweka kama anavyowawekea mashabiki elfu, kidole kinapita huku anaongea na mtu mwingine? Kapiga kidogo, au kakandamiza? Skrini haisemi.

Kwa hiyo mliomwita mtu wa kiki, mtu mwenyewe mwenye kiki ni mimi. Alilala kituoni kweli. Ilikuwa mwezi wa tano, mvua zilikuwa hazijaisha.

Nyie wadau, pedi gani iliwalea? Na kuna mtu yeyote alibeba msala wako ukanyamaza? Dondosha hapo chini, leo sifuti komenti ya mtu, hata ya kunitukana.